Kanuni za derivativi: mwanafunzi atajuaje atumie ipi kwenye maswali ya fizikia, kemia na baiolojia?

Mwl_Mchepuo aliandika:

Wakuu, habari za kazi.

Nafundisha hisabati kidato cha sita, wa PCM (fizikia, kemia, hisabati) na wale wa PCB (fizikia, kemia, baiolojia) wanaosoma BAM, yaani hisabati tumizi ya msingi. Kanuni za derivativi, yaani kasi ya kubadilika kwa kitu, wanazikariri vizuri: ya kipeo, ya zao, ya kugawanya, ya mnyororo (fanksheni ndani ya fanksheni). Ukiwaandikia "tafuta dy/dx" na fomula iko wazi mbele yao, wanapata. Shida inaanza swali likija na dawa, tangi au kimeng'enya. Haya ni majibu matatu yanayojirudia kila ninaposahihisha:

(a) Kiwango cha dawa kwenye damu ni C = 12t·e^(−0.5t), miligramu kwa lita, t ni saa tangu dawa imezwe, e ni namba ya kudumu, kama 2.718. Wanaandika dC/dt = −6e^(−0.5t).

(b) Tangi lina umbo la pia (koni) iliyogeuzwa, ncha chini. Kimo ni mita 3, nusukipenyo cha mdomo ni mita 1.5. Maji yanaingia lita 20 kwa dakika. Kina kinapanda kwa kasi gani maji yakiwa na kina cha mita 1? Wanapata sentimita 7.6 kwa dakika. Jibu ni 2.5.

(c) Kasi ya kimeng'enya ni v = Vmax·S/(Km + S), S ni ukolezi wa kitu kinachofanyiwa kazi, Vmax ni kasi ya juu kabisa, Km ni S inayotoa nusu ya Vmax. Wanaandika dv/dS = Vmax.

Kurudia kanuni ubaoni hakusaidii, maana kanuni wanazijua. Nahitaji mambo mawili: njia ya kumfanya mwanafunzi atambue aanze na kanuni ipi, na njia ya kugundua mwenyewe kwamba jibu lake haliwezekani kabla hajakabidhi karatasi.

---

tendo_la_mwisho alijibu:

Mwalimu, mpe mwanafunzi kikokotoo na namba moja, tuseme t = 3, kisha muulize: ukikokotoa C hapo, tendo la mwisho kabisa utakalofanya ni lipi? Tendo hilo ndilo linaloamua kanuni ya kuanza nayo.

Kwa 12t·e^(−0.5t) atapata 12 × 3 = 36, pembeni atapata e^(−1.5) = 0.223, halafu atazidisha 36 kwa 0.223. La mwisho ni kuzidisha, basi anaanza na kanuni ya zao. Kwa (5t + 1)^4 la mwisho ni kupandisha kipeo, basi ni mnyororo, nje kuna kipeo na ndani kuna 5t + 1. Kwa e^(−0.5t) peke yake la mwisho ni e, na ndani kuna −0.5t, kwa hiyo ni mnyororo tena. Akishatenganisha vipande, anakiuliza kila kipande swali lile lile, mpaka abaki na vitu ambavyo derivativi zake anazijua kwa kichwa.

Njia hii inatenganisha hata mapacha wanaosumbua sana: (sin t)² na sin(t²). La kwanza tendo la mwisho ni kipeo cha pili, derivativi yake ni 2 sin t·cos t. La pili tendo la mwisho ni sin, derivativi yake ni 2t·cos(t²).

Swali lako (a) kwa hatua:

u = 12t, u′ = 12
w = e^(−0.5t), w′ = −0.5e^(−0.5t)
dC/dt = u′w + uw′ = 12e^(−0.5t) − 6t·e^(−0.5t) = 12e^(−0.5t)(1 − 0.5t)

Mwanafunzi wako amefanya mnyororo wa e sawasawa, ila ameichukulia t iliyo nje kama namba tu. Wengine hukosea kwa namna nyingine, wanazidisha derivativi mbili, u′w′, na hapa jibu ni lile lile −6e^(−0.5t). Kosa hilo ni la asili kabisa. Leibniz mwenyewe, katika karatasi zake za Novemba 1675, alijiuliza kama d(uv) ni sawa na du·dv, na hakukawia kuona kwamba sivyo. Waambie wanafunzi wajaribu x·x: u′w′ ingetoa 1, na kila mmoja anajua derivativi ya x² ni 2x.

Sasa ugunduzi. Jibu −6e^(−0.5t) ni hasi wakati wote. Maana yake dawa inapungua kwenye damu tangu dakika ya kwanza. Lakini t = 0 inatoa C = 0. Kitu kilicho sifuri kitapunguaje? Hapo hapo jibu limeanguka. Jibu sahihi linaanza na 12 chanya, linafika sifuri pale 1 − 0.5t = 0, yaani saa 2 baada ya kumeza, kisha linageuka hasi. Kilele ni C(2) = 24e^(−1), kama miligramu 8.8 kwa lita.

Ukitaka kuwapeleka mbele kidogo, waulize dawa inashuka kwa kasi zaidi lini. Wengi watasema saa 2, kwa sababu ndipo inapoanza kushuka. Derivativi ya pili ni 12e^(−0.5t)(0.25t − 1), inakuwa sifuri saa ya 4, na kasi hapo ni −12e^(−2), yaani inashuka miligramu 1.62 kwa lita kila saa. Pale kileleni kasi ya kushuka ni sifuri.

Tahadhari moja: tendo la mwisho linakuonyesha kanuni inayofaa, lakini si lazima iwe fupi kuliko zote. 7/t³ tendo lake la mwisho ni kugawanya, ila ukiiandika 7t^(−3) kanuni ya kipeo inamaliza kwa mstari mmoja: −21t^(−4). Juu kukiwa na namba tupu, usianze kanuni ya kugawanya.

---

kina_na_ujazo alijibu:

Nichukue (b), maana hilo 7.6 lina habari ndani yake. Ni mara tatu kamili ya jibu sahihi, na halikutokea kwa bahati.

Mwanafunzi ameandika V = (1/3)πr²h. Akaona kwamba kina cha mita 1 kinatoa r = 0.5, akaiweka 0.5 ndani, kisha ndiyo akatafuta derivativi: dV/dt = (1/3)π(0.25)·dh/dt. Kwa kufanya hivyo ameigandisha r. Ila maji yakipanda kwenye pia, r nayo inapanuka. Fomula ina vigeu viwili vinavyotembea pamoja, na kimoja amekifunga.

Utaratibu usiovunjika ni huu:

1. Tafuta uhusiano wa vigeu kutoka kwenye umbo. Pembetatu zinazofanana: r/h = 1.5/3, hivyo r = h/2.
2. Ondoa kigeu kimoja: V = (1/3)π(h/2)²h = πh³/12.
3. Tafuta derivativi kwa muda, ukikumbuka kwamba h yenyewe inategemea t. Huo ni mnyororo: dV/dt = (πh²/4)·dh/dt.
4. Sasa, na si kabla, weka namba. Lita 20 ni 0.02 m³. 0.02 = (π/4)·dh/dt, dh/dt = 0.0255 m kwa dakika, kama sentimita 2.5.

Anayeweka h = 1 kabla ya hatua ya 3 anapata V = 0.262 m³, namba isiyobadilika, derivativi yake sifuri, na hesabu inamfia mkononi. Na anayesahau kugeuza lita anapata maji yanayopanda mita 25 kwa dakika ndani ya tangi la mita 3. Vipimo viandikwe kila mstari, hasa hapa.

Kuna ukaguzi mzuri sana ambao vitabu vingi vinaupita. Tazama hatua ya 3: πh²/4 ni πr², eneo la uso wa maji pale pale yalipofika. Kwa hiyo kasi ya kupanda ni ujazo unaoingia kwa dakika gawanya kwa eneo la uso wa maji. Kwa kina cha mita 1, uso ni π × 0.25 = 0.785 m², na 0.02/0.785 = 0.0255. Vipimo navyo vinakubali: m³ kwa dakika ukigawanya kwa m² zinabaki m kwa dakika. Kanuni hii inafanya kazi kwa tangi la umbo lolote, liwe pia, nusu tufe au mfereji wenye kingo za kulala. Pale mwenye 7.6 angeona mara moja kwamba ile 1/3 yake haina nafasi.

Waulize pia kina cha mita 2: uso umekuwa mara nne, kwa hiyo kasi ni robo, sentimita 0.64 kwa dakika. Tangi likifika nusu ya kimo, mita 1.5, lina lita 884 tu kati ya 7,069, sehemu moja ya nane. Nusu ya kimo inachukua dakika 44, na nusu iliyobaki inachukua zaidi ya saa 5.

---

kimengenya_B alijibu:

Kuhusu (c), mwanafunzi amegawanya derivativi ya juu kwa derivativi ya chini: Vmax/1. Muulize vipimo tu. dv/dS lazima iwe kipimo cha v gawanya kwa kipimo cha S. Vmax ina kipimo cha v peke yake. Jibu limeshakataliwa hata kabla hujaitaja kanuni. Tena Vmax haina S ndani, maana yake grafu ingekuwa mstari ulionyooka, na kila aliyeona grafu ya mlinganyo huu wa Michaelis na Menten wa mwaka 1913 anajua inapinda na kulala.

Kanuni ya kugawanya: derivativi ya juu mara chini, toa juu mara derivativi ya chini, vyote kwa chini kipeo cha pili:

dv/dS = [Vmax(Km + S) − Vmax·S]/(Km + S)² = Vmax·Km/(Km + S)²

Wanaogeuza mpangilio wa juu wanapata jibu lile lile lenye alama ya kutoa. Hapo wakumbuke kwamba kuongeza S hakupunguzi kasi kwenye mlinganyo huu, kwa hiyo hasi haiwezekani.

Mimi napendelea njia nyingine kwa mlinganyo huu. Andika v = Vmax − Vmax·Km/(Km + S). Ni fomula ile ile, unaweza kuithibitisha kwa kuunganisha asili. Sasa S iko mahali pamoja tu, mnyororo unatosha, na hatari ya kugeuza alama imepungua sana.

Namba za darasani: Vmax = 60 mikromoli kwa dakika, Km = 2 milimoli kwa lita. S ikiwa karibu na sifuri mteremko ni Vmax/Km = 30. S ikiwa 2, sawa na Km, ni Vmax/(4Km) = 7.5. S ikiwa 18, v ni 54, tayari asilimia 90 ya Vmax, na mteremko ni 60 × 2/400 = 0.3. Ukiongeza milimoli nzima kwa lita unapata nyongeza ndogo ya 0.3 hivi. Kwa PCB hili ndilo la kusisitiza: kasi bado ni kubwa, ila haijali tena S. Thamani ya v na mteremko wa v ni maswali mawili tofauti, na mitihani inapenda kuyachanganya.

---

Mwl_Mchepuo aliandika:

Nashukuru sana, ndugu zangu. Swali la "tendo la mwisho" na ukaguzi wa vipimo naviingiza kwenye andalio la somo wiki hii. Nina nyongeza mbili. Kwanza, bakteria wanaojigawa kila dakika 20, N = 500·2^(t/20). Wanatumia kanuni ya kipeo na kushusha t/20 mbele. Pili, kuna njia ya kuhakiki derivativi yoyote kwa kikokotoo cha kawaida tu?

---

tendo_la_mwisho alijibu:

La bakteria: kanuni ya kipeo ni ya pale kigeu kiko chini na namba iko juu, kama t³. Hapa kigeu kiko juu. Derivativi ya 2^x ni 2^x·ln 2 (ln ni logi asilia), kisha mnyororo unaleta 1/20:

dN/dt = 500·2^(t/20)·(ln 2)/20 = 0.0347·N

Dakika ya 60 bakteria ni 4,000, wanaongezeka kama 139 kwa dakika. Njia ya kanuni ya kipeo inatoa 500·(t/20)·2^(t/20 − 1), ambayo kwa t = 0 ni sifuri. Bakteria 500 wako kwenye chakula na hakuna anayejigawa? Halafu mwenye jibu hilo amesahau hata 1/20 ya ndani, kwa hiyo makosa ni mawili.

Kuhakiki kwa kikokotoo: chukua nukta kidogo mbele na kidogo nyuma, tafuta tofauti, gawanya kwa umbali. Kwa dawa yetu saa ya 4:

C(4.01) = 6.47985
C(3.99) = 6.51233
Tofauti −0.03248, gawanya kwa 0.02 = −1.624

Inalingana na −12e^(−2) = −1.624. Ila wasikate desimali mapema. Akiandika 6.48 na 6.51 anapata −1.5, akadhani kanuni imekosea kumbe tarakimu ndizo zimepotea. Namba mbili zinazokaribiana zikitolewa, tarakimu za mbele zinaondoka zote na kinachobaki ni zile za mwisho alizozikata. Atunze tarakimu zote kwenye kumbukumbu ya kikokotoo mpaka mwisho. Na asipunguze umbali mpaka 0.0000001 akidhani anaongeza usahihi, maana tatizo lile lile linarudi kwa nguvu zaidi.

---

mawimbi_50 alijibu:

Niongeze la sin, kwa wa PCM. Umeme wa nyumbani wa volti 230 na hezi 50 ni V = 325 sin(100πt), kwa sababu kilele ni 230 × √2. Mkondo kwenye kapasita ni i = C·dV/dt, C hapa ni ukubwa wa kapasita, si dawa. Derivativi ni 325 × 100π × cos(100πt), na kilele chake ni kama volti 102,000 kwa sekunde. Kwa kapasita ya maikrofaradi 1, kilele cha mkondo ni ampea 0.102. Anayesahau 100π ya ndani anapata ampea 0.000325, pungufu mara 314. Vipimo vinamshika tena: 325 ni volti, wakati dV/dt inataka volti kwa sekunde, na hiyo "kwa sekunde" ilikuwa ndani ya 100π.

Kosa la pili liko kwenye kikokotoo. Derivativi ya sin ni cos pale tu pembe iko kwenye radiani. Kwa nyuzi, derivativi ya sin x ni (π/180)cos x, kwa sababu kugeuza nyuzi kuwa radiani ni fanksheni ya ndani, na mnyororo unaidai. Mwanafunzi akihakiki kwa njia ya hapo juu huku kikokotoo kiko kwenye nyuzi, atapata namba ndogo mara 57.3. Akiona 57.3 au 0.01745 inachomoza mahali isipotarajiwa, akague kwanza mpangilio wa kikokotoo.

---

maabara_ya_pili alijibu:

Mmesahau matumizi ambayo mwanafunzi wa fizikia anakutana nayo kila wiki maabara: makosa ya vipimo. Pendulamu inatoa g = 4π²L/T², g ni mchapuko wa mvutano, L ni urefu wa uzi, T ni muda wa mzunguko mmoja. Badala ya kanuni ya kugawanya, chukua logi asilia kwanza:

ln g = ln(4π²) + ln L − 2 ln T

Derivativi ya ln x ni 1/x, kwa hiyo dg/g = dL/L − 2·dT/T. Kwenye makosa ya vipimo hatujui upande, basi tunachukua hali mbaya zaidi na kujumlisha ukubwa wake: asilimia ya L jumlisha mara mbili ya asilimia ya T. Anayebakiza alama ya kutoa anapata kosa dogo kuliko uhalisia, na linaweza kutoka hata sifuri.

Mfano: L = 1.000 m, kosa 0.002. Mizunguko 20 imechukua sekunde 40.1, kosa la mkono kwenye saa 0.2. T = 2.005 na g = 9.82. Kosa la L ni asilimia 0.2. La T ni asilimia 0.5, linakuwa 1.0 kwa sababu ya kipeo. Jumla 1.2, hivyo g = 9.82 ± 0.12.

Hapa derivativi inakuambia utumie wapi jasho lako. Kununua rula nzuri zaidi kunagusa asilimia 0.2 tu. Kuhesabu mizunguko 50 badala ya 20, kwa kosa lile lile la mkono la sekunde 0.2, kunashusha asilimia ya T mpaka 0.2, na jumla inakuwa 0.6. Kosa limepungua nusu bila kununua kitu. Ila bembea iwe ndogo, chini ya nyuzi 10 hivi, kwa sababu fomula yenyewe imetokana na kuchukua sin θ kuwa sawa na θ, na hilo nalo linakubalika kwenye radiani tu.